Kucha za mtoto zinapobanduka baada ya homa: tathmini ya vinavyouzwa maduka ya dawa Dar

Ukieleza kwenye kaunta ya duka la dawa, iwe Kariakoo, Mbagala au Tegeta, kwamba kucha za mwanao zinabanduka, mara nyingi utawekewa krimu ya fangasi kabla hujamaliza kueleza. Ukionekana una wasiwasi, itafuata chupa ya vitamini, na ukiwa na wasiwasi zaidi, vidonge. Tumevipitia vitu hivyo kimoja kimoja, na hukumu tunaitoa mapema ili aliyeshika hela mkononi asisubiri mwisho. Kwa mtoto aliyetoka kuugua ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, vya kununua ni vitatu na vyote ni vya bei ndogo: mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mkasi mdogo wenye ncha butu, na plasta chache. Vilivyobaki vinakula hela tu, na baadhi yake vinaumiza kidole kilichokuwa kinapona chenyewe.

Kabla ya kununua, mtazame mtoto

Ugonjwa huu huanza na homa, kisha vidonda mdomoni, halafu vipele na malengelenge viganjani, nyayoni na mara nyingi makalioni. Huisha wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Mitaani huitwa tetekuwanga au surua, kwa hiyo ukimuuliza mzazi kama mtoto aliugua ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo atakwambia hapana. Muulize hivi badala yake: mwezi mmoja au miwili iliyopita, mtoto alipata homa, akakataa kula kwa sababu ya vidonda mdomoni, akatoka vipele viganjani? Hapo kumbukumbu hurudi. Na kwa wenye ng'ombe: huu si ule ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Majina yanafanana, virusi ni tofauti.

Kinachosababisha ni virusi vya jamii ya entero. Kimojawapo, koksaki A6, ndicho kinachotajwa zaidi kwenye kubanduka kwa kucha. Uhusiano huo ulitambuliwa Finland baada ya mlipuko wa mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwaka 2000, madaktari wa Chicago walikuwa wameandika habari za watoto watano ambao kucha zao ziliharibika wiki chache baada ya ugonjwa huu. Kitabibu hali hii inaitwa onikomadesisi. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe.

Ukucha hutengenezwa kwenye mzizi, uliojificha chini ya ngozi pale kidole kinapoanza kuwa na ukucha. Mtoto anapougua, mzizi husimama kazi kwa muda. Ni kama msukaji wa mkeka aliyeweka ukili chini siku kadhaa kisha akaanza upya bila kuunga: mkeka wa zamani na mpya vinakaa pamoja, lakini katikati pana mwanya. Mwanya huo haujitokezi siku hiyohiyo. Unasukumwa taratibu hadi utokee kwenye ngozi, na ndiyo maana kucha huanza kubanduka wiki tatu hadi nane baada ya homa, wakati nyumbani ugonjwa wenyewe umeshasahaulika na lawama zinakwenda kwenye sabuni ya unga, matope ya masika au jicho la mtu.

Mkalishe mtoto mlangoni penye mwanga wa mchana, kidole kikiwa kimenyooka. Utaona mfereji unaokatiza ukucha kwa upana, karibu na shina. Upande wa shina kuna ukucha mpya, mwembamba, wenye rangi ya waridi na uso wa kukwaruza kidogo. Upande wa ncha kuna ukucha wa zamani, mweupe kwa sababu hewa imeingia chini yake, na ukiugusa unachezacheza kama mfuniko. Sasa weka rula. Ukucha wa mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu milimita 1 hadi 1.5. Mfereji ulioko milimita 3 kutoka kwenye ngozi una takriban mwezi tangu utokeze, na ugonjwa ulitangulia kwa wiki kadhaa. Tazama na vidole vingine: kama mifereji iko karibu umbali uleule kwenye kucha mbili, tatu au zaidi, basi kuna tukio moja lililoigonga mizizi yote kwa pamoja. Fangasi haipangi safu namna hiyo.

Fangasi ya ukucha kwa kawaida huanzia kwenye ncha au pembeni na kurudi nyuma kuelekea shina. Ukucha unanenepa, unakuwa wa njano au kahawia, unamung'unyika. Kwa watoto wadogo si jambo la kawaida. Hapa ukucha unabanduka kutoka kwenye shina kwenda ncha, haunenepi, na mtoto halalamiki maumivu. Mwelekeo huo peke yake ungetosha kuokoa hela za watu wengi.

Krimu na vidonge vya fangasi

Krimu ya klotrimazoli ni dawa nzuri kwa kazi yake, yaani fangasi ya ngozi. Haipenyi ukucha vya kutosha hata ukucha ukiwa na fangasi kweli, na hapa hakuna fangasi ya kuua. Shida yake kubwa ni kwamba inaonekana kufanya kazi. Mzazi anapaka wiki sita, ukucha mpya unatoka kama ambavyo ungetoka bila kupakwa kitu, sifa zinaiendea krimu, na jirani naye anaelekezwa hukohuko.

Vidonge vya griseofulvini, terbinafini au flukonazoli visimezwe na mtoto kwa ajili ya ukucha bila kipimo. Ni dawa zinazoweza kusumbua tumbo na ini, na kwa ukucha huwa zinatumika kwa wiki nyingi. Kipimo kipo na si cha ajabu: maabara hukwangua vipande vya ukucha, huviweka kwenye potasiamu haidroksaidi, kisha huangalia kwa darubini. Muuzaji akisema vidonge ni lazima, muulize kipimo kinasemaje.

Mafuta ya kundi la Whitfield, yenye asidi ya salisiliki na asidi ya benzoiki, yanamenya ngozi ngumu. Yakifika kwenye nyama laini iliyokuwa chini ya ukucha, mtoto atalia, na atakuwa na haki ya kulia.

Bidhaa tunayoipinga kuliko zote ni krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi ndani ya tyubu moja. Inapendwa kwa sababu inazima wekundu haraka. Steroidi kali ikipakwa mara kwa mara kwenye kidole cha mtoto inaponda ngozi hadi kuwa nyembamba, na ikiwa kuna maambukizi chini yake, inayaficha huku yanaendelea. Soma pembeni ya boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi, irudishe kwenye kaunta.

Dawa ya zambarau, jivii, nayo tunasema hapana, kwa sababu ya rangi yake. Kidole kikishapakwa zambarau huwezi kuona kama kinakuwa chekundu, na wekundu ndiyo dalili moja unayotakiwa kuifuatilia.

Vitamini, kalisi na bayotini

Chupa hizi ndizo ghali kwenye kapu lote, na hatuoni sababu ya kuzinunua kwa tatizo hili. Ugumu wa ukucha unatoka kwenye protini iitwayo keratini, si kwenye kalisi. Vidoa vyeupe vinavyosemwa kuwa ni upungufu wa kalisi kwa kawaida ni alama za kugongagonga vidole. Bayotini, ambayo ni aina ya vitamini B, haiharakishi mzizi uliosimama kwa sababu ya virusi. Mzizi umeshaanza kazi tena siku unayouona mfereji. Bayotini nyingi mwilini pia inaweza kupotosha baadhi ya vipimo vya damu, kwa hiyo kama mtoto anapewa, mwambie daktari kabla ya damu kuchukuliwa.

Upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma ni habari nyingine: hufanya ukucha kuwa bapa au kubonyea kama kijiko. Kucha za namna hiyo, pamoja na mtoto kuwa mweupe kwenye viganja na mchovu, zinahitaji kipimo cha damu kwanza. Ila kwa mtoto mchanga, kucha za miguu kubonyea kidogo mara nyingi ni kawaida tu.

Hela ya chupa moja itatosha mayai, maharage na dagaa kwa siku kadhaa.

Mafuta ya mgando

Hiki ndicho kitu cha kwanza kununua. Kazi yake ni kuzuia ukucha mpya na ngozi ya pembeni visikauke na kupasuka, na kulainisha kingo za ukucha wa zamani zisikwaruze. Chagua yasiyo na harufu wala rangi. Yale yenye mentho au manukato yanachoma penye nyama wazi. Kopo dogo litamaliza miezi yote ya kusubiri.

Osha mikono ya mtoto kwa sabuni na maji, kausha kwa kugusagusa, kisha paka kiasi cha punje ya mchele kwa kila kidole, asubuhi na kabla ya kulala. Chota kwa kijiko safi, usichovye vidole, hasa kama kopo ni la nyumba nzima. Ukizidisha kipimo kwa joto la Dar, mafuta yatayeyuka, yatashika mchanga na kumfanya mtoto ajifute kwenye macho. Mafuta ya nazi yanafaa ukikosa haya, ila yanatiririka haraka na utapaka mara nyingi zaidi.

Mkasi, kikata kucha na wembe

Wembe hapana. Mtoto wa miaka miwili anavuta mkono bila taarifa.

Kikata kucha cha kubana, kile kinachouzwa na machinga kwa bei ya maji ya chupa, kinafaa ukucha mzima lakini si ukucha unaobanduka. Taya zake zimepinda: unapobana, zinaunyanyua ukucha kabla ya kuukata, na ukucha uliolegea unavutwa pale uliposhika. Tena kichwa chake kinakuziba usione unakata wapi. Mkasi wa kucha za mtoto mchanga, wenye ncha za mviringo, unaukata ukucha bila kuunyanyua. Kabla ya kulipa, jaribu kukata nao unyuzi mmoja wa pamba. Ukitafuna badala ya kukata, utauvuta ukucha hivyohivyo. Wa chuma kisichoshika kutu uoshwe kwa sabuni, ufutwe kwa spiriti na uachwe ukauke kila baada ya kutumika.

Kazi yenyewe inataka subira. Loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi, au subiri amalize kuoga. Mpakate, mgongo wake kwenye kifua chako, ushike kidole kimoja kwa vidole vyako viwili. Kata sehemu iliyoachia tu, vipande vidogo, ukifuata mstari wa kidole. Ukifika pale ukucha unaposhika nyama, simama, hata kama kimebaki kipande kibaya cha kutazama. Laini kingo kwa tupa ya kucha, ukisugua kwa mwelekeo mmoja. Kipande kinachoning'inia upande mmoja kikatwe karibu na kinaposhikilia, kisivutwe kamwe. Kuvuta ndiko kunakoleta damu, na mahali palipotoka damu ndipo vijidudu vinapoingilia.

Wengi hukosea hapo kwa nia njema: wanaona ukucha mpya umeshaonekana chini, wanadhani wa zamani ni uchafu wa kuondoa. Wa zamani ni kifuniko. Unalinda ule mpya hadi uwe mgumu, na utaanguka siku yake, mara nyingi usiku kitandani bila mtu kujua.

Plasta

Plasta ina kazi moja: kuzuia ukucha uliolegea usinase kwenye shuka, soksi au nywele za dada yake. Ya kitambaa ni bora kuliko ya plastiki kwa hali ya hewa yetu, kwa sababu ya plastiki inafungia jasho na ngozi inavimba na kuwa nyeupe kama iliyolowekwa. Gundi isiguse ukucha. Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi: plasta inabandikwa vizuri, jioni inabanduliwa na ukucha unakuja nayo. Weka kijipande cha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) chenye mafuta ya mgando juu ya ukucha, kisha zungusha plasta bila kukaza. Ncha ya kidole ibaki inaonekana, ili uone kama inabadilika rangi. Badilisha kila siku, itoe kwa kuilowesha, na usiku mwache alale bila plasta kama hana tabia ya kujikwaruza.

Mtoto anayenyonya vidole asivalishwe plasta kabisa. Itaingia mdomoni na inaweza kumkaba.

Rangi, hina na piko

Kuna vijana wanaopita mtaani na vikapu vya rangi za kucha, na sikukuu zikikaribia wasichana wadogo nao hunyoosha vidole. Kwa ukucha unaobanduka, subirini. Asetoni ya kutolea rangi inakausha, vifaa vya kikapu hupita kwenye miguu ya watu wengi kabla ya kufika kwa mtoto, na kijiti cha kusukuma ngozi ya shina kinafungua mlango ambao ngozi hiyo imewekwa kuuziba. Kucha za bandia na gundi yake ni marufuku kwa mtoto, bila mjadala.

Piko tunaisisitizia zaidi. Weusi wake mara nyingi unatoka kwenye kemikali ya rangi za nywele iitwayo PPD, inayoweza kuunguza ngozi na kumwachia mtoto aleji ya maisha. Hina ya majani ina shida yake: kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana ukanda wa pwani, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo. Kuficha ukucha mbaya kwa ajili ya harusi si sababu ya kujaribu.

Huduma ya kaunta

Mfamasia mzuri hauzi kwanza, anauliza. Kucha ngapi? Zimeanzia kwenye shina au kwenye ncha? Aliugua nini miezi miwili iliyopita? Kuna maumivu, uvimbe, usaha? Maswali manne, dakika mbili. Ukikuta duka linalouliza hivyo, lishike kama duka lako hata kama bei zake zimezidi kidogo. Na ukienda, nenda na mtoto au na picha za kucha zote kumi za mikono na za miguu, zilizopigwa mchana, rula ikiwa pembeni. Picha ya kidole kimoja chenye kivuli haimsaidii mtu.

Duka likikupa antibayotiki ya kunywa kwa ukucha usio na wekundu wala usaha, kataa. Haiui virusi, na virusi vyenyewe vimeshamaliza kazi yao.

Mengine hayasubiri na hayaishii dukani. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, ya moto, imevimba na inauma, au kuna usaha, huyo ni mdudu wa kidole. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Asitumbuliwe kwa sindano nyumbani. Ukucha mmoja tu unaoharibika miezi na miezi, mstari mweusi unaopanuka kutoka shina hadi ncha, kucha kubanduka tena na tena bila homa iliyotangulia, au nywele kunyonyoka kwa mabaka pamoja na kucha, vyote vinahitaji macho ya daktari wa ngozi. Anza kituo cha karibu, upewe rufaa kwenda hospitali za Amana, Mwananyamala au Temeke, na ikibidi Muhimbili.

Chekechea aende. Ukucha unaobanduka hauambukizi. Virusi, hata hivyo, vinaweza kuendelea kutoka kwenye choo kwa wiki kadhaa baada ya homa, kwa hiyo anayembadilisha nepi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya spiriti havivimalizi virusi vya jamii hii vizuri, na chupa yake kwenye mlango wa darasa isichukue nafasi ya ndoo ya maji.

Ukucha mpya unaweza kutoka na mabonde kidogo. Utasukumwa mbele na kukatwa kadiri unavyokua. Za mikono kwa kawaida hukamilika ndani ya miezi mitatu hadi sita. Za miguu ni za mwisho, hasa kidole gumba, na zinaweza kumaliza mwaka. Kwa hizo, nunua viatu vyenye nafasi ya upana wa kidole chako mbele ya gumba lake, na ukate nyuzi zozote zinazoning'inia ndani ya soksi.